Barua ya wazi: Tengeni njia za reli ya mjini Dar es Salaam na Pwani kabla viwanja havijaisha

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya Uchukuzi, Ardhi na TAMISEMI. Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Dar es Salaam na Pwani. Pamoja na viongozi wa Shirika la Reli Tanzania, TAZARA na Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima zote nikiwa mkazi wa Pugu Kajiungeni, mtu ambaye maisha yake ya kazi yamepita njiani kati ya Pugu na katikati ya jiji, siku nyingine kwa treni, siku nyingi zaidi kwa daladala. Ninalo jambo moja la kuwaomba, na yote nitakayoyaeleza humu yanalihusu. Ardhi ambayo reli za mjini za kesho zitapita bado ipo, lakini inauzwa kipande kwa kipande kila wiki. Naomba ipimwe, itengwe kisheria na itangazwe sasa, hata kama fedha za kutandika reli hazijapatikana, na wakati huohuo reli tulizo nazo ziendeshwe kwa namna ambayo mfanyakazi, mwanafunzi na mama anayetoka sokoni wanaweza kuzitegemea kila siku.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ongezeko la watu milioni moja ni kubwa, lakini naomba mtazame jirani. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ulikuwa na watu 2,024,947. Dar es Salaam iliongezeka kwa takriban asilimia 23, Pwani kwa takriban asilimia 84. Maelfu kati ya hao huamka alfajiri Mlandizi, Mapinga, Vikindu au Kisarawe wakaelekea Kariakoo, Posta, bandarini na kwenye viwanda vya Barabara ya Nyerere. Kwa hiyo tunapozungumzia usafiri wa Dar es Salaam tunazungumzia mikoa miwili inayoishi kama mji mmoja, na mpango wowote unaoishia kwenye mpaka wa mkoa utakuwa umewaacha nje watu wanaouhitaji zaidi.

Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu kwenda kuona kiwanja Mapinga, upande wa Bagamoyo. Dalali alitutangulia kwenye shamba ambalo mikorosho yake ilikuwa imekatwa siku chache tu nyuma, visiki bado vinatoa utomvu, akapima kwa kamba na kusimika vigingi vinne: ishirini kwa ishirini. Kushoto kwetu palikuwa na msingi wa tofali uliofika usawa wa magoti, kulia palikuwa na lundo la mchanga na kokoto, na njia iliyoachwa katikati ilikuwa na upana ambao bajaji mbili zisingepishana bila mojawapo kuingia kwenye msingi wa mtu. Nilimuuliza dalali kama amewahi kusikia reli itapita upande gani wa eneo lile. Alinijibu kwa nia njema kabisa kwamba katika miaka yote ya kazi yake hajawahi kuonyeshwa ramani yenye reli, na kwamba laiti angeonyeshwa, angeuza viwanja vyake kwa kufuata ramani hiyo, kwa sababu hakuna mteja anayetaka kujenga mahali patakapobomolewa. Shemeji alinunua. Nami sikuwa na hoja ya kumzuia.

Waheshimiwa, reli haina uvumilivu wa barabara. Barabara ikikuta nyumba inaweza kukunja kona na kuendelea, lakini treni ya abiria inahitaji kona pana, zenye nusu kipenyo cha mamia ya mita, na mwinuko mdogo sana. Kundi moja la nyumba zilizojengwa mahali pasipo pake linaweza kuipindua njia nzima na kulazimisha daraja refu au fidia kubwa ambayo haikuwamo kwenye bajeti. Na eneo lenyewe linalohitajika si la kutisha. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande kutoka katikati ya njia, yaani upana wa mita 30, ambao kwa uangalifu unatosha njia mbili za treni, nguzo za umeme, mifereji na uzio. Kilomita moja ya upana huo ni mita za mraba 30,000, sawa na hekta 3, sawa na viwanja 75 vya ishirini kwa ishirini. Kilomita kumi ni viwanja 750. Mkiamua leo, vingi kati ya viwanja hivyo bado ni mihogo, minazi na vichaka. Mkiamua baada ya sensa ijayo, vitakuwa nyumba zenye watu ndani, kila moja ikiwa na namba ya mtaa, mita ya umeme, kisima na kaburi la mzazi uani.

Tumeshaona gharama ya kuchelewa. Mwaka 2017, kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kiluvya, nyumba nyingi ziliwekewa alama ya X na kubomolewa ili barabara ipanuliwe. Wapo waliojenga wakiamini wako salama, wapo waliokuwa na nyaraka walizoziona ni halali, na wapo waliozeeka mahali pale. Sitaki kufungua upya mabishano ya kisheria ya wakati ule. Ninachosema ni kwamba mpaka wa hifadhi uliojulikana na maofisa na usiojulikana na mnunuzi wa kiwanja ni mpaka ambao haujawekwa. Mnajua wenyewe jinsi watu wa mjini wanavyoandika ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa, kwamba nyumba hii haiuzwi, ili kujikinga na matapeli. Ingefaa serikali nayo iandike kwa ukubwa huohuo mahali ambapo ardhi haiuzwi kwa sababu ni njia ya reli.

Wapo watakaosema kwamba kutenga ardhi kabla ya kuwa na fedha za mradi ni kuwafunga wananchi mikono, na hoja hii naiheshimu kwa sababu ina ushahidi. Wakazi wa Kigamboni wanakumbuka mradi wa mji mpya uliotangazwa mwaka 2008, jinsi watu walivyoambiwa wasiendeleze maeneo yao, na jinsi miaka ilivyopita bila ya kujengewa wala kulipwa. Huo haukuwa mpango, ulikuwa ni kusimamisha maisha ya watu. Ndiyo maana ombi langu la kutenga ardhi linakwenda pamoja na ratiba ya malipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Kwa ukanda mwembamba wa mita 30, fidia inaweza kulipwa kwa awamu zinazojulikana, kilomita kwa kilomita, ikianza na maeneo ambayo ujenzi unakaribia zaidi, huku mwenye shamba akiruhusiwa kuendelea kulima mpaka siku atakapolipwa. Mwenye mikorosho hapotezi kitu kwa kuendelea kuvuna korosho. Anayepoteza ni aliyeachwa ajenge nyumba ya vyumba vinne juu ya njia ambayo ofisi fulani ilikuwa inaifahamu.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazo nyenzo za kuyafanya haya. Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Jiji hili lilipewa mpango kabambe mwaka 1949, mwingine mwaka 1968 na mwingine mwaka 1979, na kila mara mji ulikua haraka kuliko karatasi zilivyosomwa. Kilichokosekana ni kwamba mistari iliyochorwa kwenye ramani haikushushwa ardhini kwa mawe ya mipaka, wala haikubandikwa kwenye ofisi ambako mauziano ya ardhi yanagongwa mhuri, yaani ofisi za serikali za mitaa na vijiji.

Nikiulizwa ni njia zipi zitengwe kwanza, nitataja upande wa Bagamoyo, kuanzia Mwenge kupitia Tegeta, Bunju na Mapinga, kwa sababu huko ndiko ardhi inakokwisha kwa kasi ninayoiona kwa macho. Kisha nitataja Kibaha na Mlandizi. Reli ya Kati na reli mpya ya umeme, SGR, zote zinapita kusini mwa miji hiyo, kwa hiyo mtu wa Kibaha Maili Moja anaisikia treni kwenye habari tu na kuendelea kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Upande wa Mbagala kuelekea Vikindu na Mkuranga nao haufai kuachwa, na Kigamboni vivyo hivyo. Wataalamu wanaweza kubadilisha mpangilio huu wakiwa na takwimu bora kuliko zangu. Siwezi kubishana nao, mradi wabadilishe mwaka huu.

Dakar, mji mkuu wa Senegal, ulifungua treni yake ya abiria kuelekea Diamniadio mwezi Desemba 2021, njia ya takriban kilomita 36 inayounganisha mji wa zamani na mji mpya. Waliweza kwa sababu walifuata mkuza wa reli, yaani ukanda wa ardhi ya njia ya reli, uliokuwapo tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo iliwalazimu kuwahamisha na kuwafidia watu wengi waliokuwa wamejenga na kufanya biashara ndani ya mkuza huo. Ikiwa mji uliokuwa na njia tayari ulipata mzigo huo, sisi ambao upande wa Bagamoyo hatuna hata mkuza wenyewe tuna kila sababu ya kuharakisha.

Sasa nije kwenye reli tulizo nazo, kwa sababu mtu anaweza kuniuliza kwa nini nalilia njia mpya wakati za zamani hazijatumika vya kutosha. Swali hilo ni la haki. Dar es Salaam ina utajiri ambao miji mingi barani ingeutamani: reli tatu zinazopita ndani ya makazi ya watu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000 na inapita Buguruni, Vingunguti na Gongo la Mboto hadi Pugu, ikiwa na tawi linalopita Tabata na Mabibo hadi Ubungo Maziwa. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina upana wa milimita 1,067 na inapita Yombo hadi Mwakanga, na upande wa pili hadi Kurasini. Reli mpya ya umeme, SGR, ina milimita 1,435. Tofauti hizi za upana zinamaanisha kwamba behewa la njia moja haliwezi kuhamia njia nyingine. Abiria, hata hivyo, hana magurudumu ya chuma. Akipewa daraja la waenda kwa miguu, paa la kumkinga na mvua na tiketi moja inayokubalika kote, anaweza kuhama kutoka geji moja kwenda nyingine kwa dakika tatu.

Mwezi Oktoba 2012 treni za abiria za mjini zilianza kwenye Reli ya Kati na TAZARA, na wananchi wakaziita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati ule. Huduma hiyo ilionyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa vichwa na mabehewa yaliyokuwapo, bila kusubiri mkopo. Nakumbuka alfajiri za kwanza za treni ya Pugu, giza bado halijatoka, watu wamesimama kwenye majani yenye umande pembeni ya reli, mwenye ndoo ya maandazi ameiweka juu ya kichwa asije akaikanyaga mtu, wanafunzi wameshika viatu mkononi ili visichafuke kabla ya kufika shule. Taa ya kichwa cha treni ilipotokea kwenye kona, umati mzima ulinyamaza. Hakuna aliyegombana na kondakta, hakuna aliyeingia kwa dirishani. Tuliingia, tukakaa, na Buguruni tukaipita huku magari yakiwa yamesimama nyuma ya geti yanatusubiri sisi. Kwa mtu aliyezoea kusimama kwa saa mbili akiwa ameinamisha shingo ndani ya daladala, ile ilikuwa heshima ambayo haisahauliki.

Lakini tangu mwanzo huduma ilikuwa ya asubuhi na jioni. Treni ya namna hiyo inamfaa mwenye saa za ofisi tu. Muuguzi anayetoka zamu saa nane mchana, mama anayerudi na mzigo kutoka Ilala saa nne asubuhi, kijana wa hotelini anayefunga kazi saa tatu usiku, wote hawa hawawezi kuiweka treni kwenye hesabu za maisha yao, na asiyeweza kuitegemea kurudi hataitumia kwenda.

Kikwazo kikubwa kinajulikana na mafundi wote wa reli. Njia ni moja, na treni mbili zinazokutana lazima moja iingie kwenye njia ya kupishania na kusubiri. Treni za mizigo za bandarini nazo zinatumia njia hiyohiyo. Mkiongeza sehemu za kupishania kati ya Stesheni na Pugu, na baadaye mkaweka njia ya pili, treni inaweza kupita kila baada ya dakika 15 nyakati za msongamano. Tufanye hesabu ya kawaida: treni ya mabehewa manane, kila behewa likiwa na watu 150 waliokaa na waliosimama kwa nafasi, inabeba watu 1,200. Treni nne kwa saa ni watu 4,800 kuelekea upande mmoja. Kuwabeba watu hao kwa Coaster zenye abiria 30 kila moja kunahitaji safari 160 ndani ya saa moja, takriban tatu kila dakika, katika barabara ambayo tayari imejaa.

Ni lazima nieleze pia upande wenye ugumu, kwa kuwa mkipewa picha nzuri tupu mtaamua vibaya. Treni nne kwa saa kila upande ni treni nane zinazokata barabara. Geti likifungwa kwa dakika tatu kila treni inapopita, barabara inafungwa kwa dakika 24 katika kila saa. Kwenye makutano yenye magari mengi, kama ya Buguruni na Tabata, hilo litazua foleni mpya na, ninachokihofia zaidi, ajali za watu watakaochoka kusubiri. Waliojenga SGR walilijua hili, ndiyo maana ndani ya jiji waliinyanyua juu ya nguzo kwa zaidi ya kilomita mbili. Reli za zamani nazo zinahitaji madaraja ya magari kwenye makutano machache makubwa, na vivuko salama vya miguu kwenye mengine yote, kabla ya kuongeza treni na si baada ya mazishi.

Kuhusu SGR yenyewe, mwananchi yeyote aliyepanda treni ya Dodoma tangu huduma ilipoanza katikati ya mwaka 2024 anajua ni mabadiliko ya aina gani. Nyaya za umeme zipo, kituo cha Pugu kipo, na mawazo ya kuitumia kwa usafiri wa mjini yanasikika. Nayaunga mkono, kwa tahadhari moja. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kina njia kuu ya kilomita 205 na kilomita 95 za njia za kupishania na za yadi, ambayo ina maana kwamba njia kuu ni moja. Mkichanganya juu yake treni za Dodoma, treni za mizigo na treni za mjini za kila dakika 15, wote watacheleweshana, na atakayesogezwa pembeni ni abiria wa nauli ndogo. Kwa hiyo njia ya pili kati ya Stesheni na Pugu, au angalau ardhi yake, ingeingizwa kwenye mpango sasa, kabla kandokando ya reli hapajajaa maghala.

Sehemu za kuunganisha tayari zimejionyesha zenyewe. Gerezani, mwendokasi na stesheni ya reli ni majirani. Pale Tazara, njia ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere inapita mbele ya stesheni. Ubungo Maziwa haiko mbali na kituo kikubwa cha mwendokasi cha Ubungo. Haya yote yanahitaji njia za miguu zilizosakafiwa, taa, vyoo na ratiba zinazosomana. Naomba sana taa. Kuna kituo kimoja, ambacho sitakitaja, ambako binti yangu hushuka saa moja jioni na kupiga simu ili nimfuate, kwa sababu kutoka relini hadi barabarani kuna mita mia mbili za giza na mfereji usio na mfuniko. Siku nikichelewa anasubiri chini ya mwanga wa banda la chipsi. Mita mia mbili hizo ndizo zinazoamua kama mwanamke atapanda treni au la.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu mmoja anayemiliki safari nzima ya binti huyo. Treni iko chini ya shirika moja, mwendokasi chini ya wakala ulio TAMISEMI, TAZARA ni ya nchi mbili, nauli na leseni ziko LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, mfereji na taa ni vya halmashauri, na abiria akivuka Mto Mpiji anaingia mkoa mwingine. Tangu Halmashauri ya Jiji ya zamani ilipovunjwa mwaka 2021, hata ile meza moja ya manispaa zote za Dar es Salaam haipo tena. Lagos ilianzisha mamlaka yake ya usafiri wa mjini mwaka 2002, na reli ya kwanza iliyojengwa chini ya usimamizi wake ilianza kubeba abiria mwezi Septemba 2023. Ilichukua muda mrefu, lakini serikali zilibadilika na mradi ukabaki na mwenyewe. Dar es Salaam na Pwani zinahitaji chombo kimoja cha namna hiyo, chenye mamlaka juu ya mambo matatu tu: ramani ya njia, ratiba na tiketi. Mengine yanaweza kubaki yalipo.

Naomba pia msijenge kitu ambacho hamtakitunza. Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi ya umeme mwaka 2015 ikiwa na treni 41, nasi tukaionea fahari kama Waafrika. Baada ya miaka michache treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri, na wenye bahati ya kupata nafasi wakasongamana kwenye chache zilizobaki. Nauli ya mjini, ikiwekwa kwa kiwango ambacho mtu wa kipato cha chini anaweza kukilipa, mara nyingi haitoshi kuendesha na kukarabati treni. Tofauti hiyo iandikwe kwenye bajeti waziwazi, kwa mkataba unaomlipa mwendeshaji kwa kila safari iliyofika kwa wakati. Vilevile viwanja vya shirika vilivyo jirani na stesheni vikodishwe kwa masoko, ofisi na nyumba za bei nafuu, ili thamani inayoletwa na treni irudi kuitunza treni.

Msidhani wananchi hawako tayari kulipia uhakika. Dada mmoja ninayepanda naye gari jioni, muuza duka la vitambaa Kariakoo, hugeuza na gari karibu kila siku: anatembea hadi kituo cha mbele, anapanda daladala inayokuja mjini, anakwenda nayo hadi mwisho na kugeuza nayo, ili akute siti. Analipa nauli mbili kwa siti moja. Wapo maelfu kama yeye, na fedha hiyo ya pili, ambayo haimnunulii hata mita moja ya mwendo, ingeweza kuwa inaendesha treni.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, reli ya mjini imetajwa kwenye hotuba za bajeti za sekta ya uchukuzi kwa miaka kadhaa, na mimi siombi kutajwa kwingine. Naomba kabla ya mwaka wa fedha ujao kuanza tarehe 1 Julai, ramani ya njia zinazokusudiwa itolewe ikiwa na vipimo vya kusomeka na mtu wa kawaida, ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa na kijiji ambako njia hizo zinapita, na mawe ya mipaka yaanze kusimikwa kuanzia Bunju kuelekea kaskazini. Shemeji yangu amekwisha kununua tofali, na anasubiri mvua ziishe ili aanze msingi. Ikiwa kiwanja chake kimo ndani ya njia ya reli, mwambieni sasa, kabla ya msingi.

Wenu mwananchi,
Mkazi wa Pugu Kajiungeni